Nyumba ya Kiponda na Wenyewe

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na nyinyi vijana mnaoyakalia madawati yetu leo,

Kamati ya jarida hili iliponitaka niandike juu ya historia ya mji wetu, nilisita. Mimi si mwanahistoria. Kazi yangu kwa miaka 34 ilikuwa kuhesabu mizigo bandarini, kwanza hapa Unguja kisha Dar es Salaam, na historia niliyosomeshwa skuli ilikuwa ya wafalme wa Uingereza zaidi kuliko ya watu wa Kiponda na Malindi. Lakini mwaka 2009, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilinunua nyumba Mji Mkongwe, na nyumba ile ikanisomesha kwa nguvu mambo ambayo hakuna mwalimu aliyepata kuniambia.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, nayo ilikuwa katika matengenezo. Watu wawili walifariki. Jumba lile alilijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, na sisi sote tumekua tukiliona limesimama pale Forodhani kama kwamba halikujengwa na mtu. Siku zile kila barazani ulipokaa ulisikia neno moja: uzee. Nyumba zimezeeka, zitaanguka tu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuishi ndani ya nyumba ya mawe miaka kumi na moja, na neno lile sikulikubali. Kuta za mawe na chokaa hazifi kwa miaka mia na hamsini. Nyumba ya Mji Mkongwe huuawa na maji, na maji huingia pale ambapo nyumba haina mwenyewe. Nitaeleza nilivyojua.

Tuanze na ujenzi, kwa sababu vijana wengi hupita katika vichochoro vile bila ya kujua kilichomo ndani ya ukuta. Nyumba nyingi tunazoziona zilijengwa katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake hapa kutoka Maskati, karafuu ikashika shambani, na pembe na watumwa wakawa wanapitishwa hapa kutoka bara. Tusifiche: sehemu ya fedha zilizosimamisha majumba yale ilikuwa ni thamani ya watu, na mawe mengi yalibebwa na watu wasiolipwa. Jiwe lenyewe ni la matumbawe. Hufungwa kwa chokaa na udongo katika ukuta wenye unene wa nusu mita au zaidi, na sakafu hulala juu ya boriti za mikoko. Boriti haiwi ndefu, ndiyo sababu vyumba vya zamani vyote ni vyembamba, kiasi cha mita tatu hivi, hata katika nyumba ya tajiri. Alitaka chumba kikubwa, akapata kirefu! Chokaa nayo ina tabia yake: huingiza unyevu na huutoa. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiupaka saruji umeuziba pua, na chumvi iliyomo ndani ya jiwe hutafuta pa kutokea mpaka lipu ianguke vipande.

Mimi sikuzaliwa katika nyumba za namna hiyo. Nilizaliwa Ng'ambo, ng'ambo ya ule mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa, na jina la Darajani limebaki kutukumbusha kwamba palikuwa na daraja. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, paa la makuti. Mwaka 1923 mpangaji wa miji wa Kiingereza, Lanchester, aliandika mpango wa mji wa Zanzibar, na tangu zamani zile watawala waliutazama mji kama miji miwili, wa mawe na wa udongo, kila mmoja na watu wake. Wazee wetu wa Ng'ambo walikuwa wakilipa kodi ya ardhi iliyo chini ya vibanda vyao, mpaka mwaka 1928 wakagoma kuilipa. Mama yangu alikuwa mtoto mdogo wakati huo, na alikuwa akilieleza jambo lile kama kwamba alikuwa mstari wa mbele.

Nilianza kidato cha kwanza Januari 1963. Kila asubuhi nilivuka Darajani na kupita Kiponda, na hapo, katika nyumba yenye roshani ya mbao upande wa kichochoro, nilikuwa nikimngoja mwenzangu mmoja ateremke. Jina lake sitalitaja. Skuli tulimwita Kidagaa kwa udogo wa umbo lake, na wale wa kidato chetu watakuwa wamekwisha kumjua. Sikuwahi kupita zaidi ya ukumbi wa chini. Mama yake alikuwa akinipa tende. Nilikaa barazani, nikaitazama ile roshani, na nakiri kwamba nilitamani.

Tarehe 12 Januari 1964 yalikuja Mapinduzi. Yaliyotangulia na yaliyofuata mnayasoma katika vitabu, na kila nyumba ina namna yake ya kuyaeleza. Mimi nitasema niliyoyaona darasani. Skuli ilipofunguliwa tena, madawati saba yalikuwa matupu. Mwalimu aliita majina kama kawaida, akifika kwa asiyekuwapo akinyamaza kidogo, kisha akiendelea. Baada ya wiki mbili hakuyaita tena.

Nyumba za waliokimbia zilichukuliwa na Serikali, wakaingizwa watu wa Ng'ambo na wa mashamba. Wengi wao hawakupata kulala chini ya dari ya boriti maisha yao, na kwao ilikuwa haki iliyochelewa. Mimi mtoto wa Ng'ambo siwezi kusema vinginevyo. Lakini tazameni lililotokea baadaye. Nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja sasa ilikaliwa na kaya nne au sita. Kodi ilikuwa ndogo sana, haitoshi hata kununua chokaa ya ukuta mmoja. Mpangaji alijua nyumba si yake, Serikali ilikuwa na kazi nyingine nyingi, zikiwamo zile nyumba mpya za Michenzani zilizoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na paa likabaki yatima. Anayekaa chini hapati mvua, hivyo paa halimhusu. Anayekaa juu husema, mbona nilipe peke yangu? Kila mmoja aliongeza jiko lake, choo chake na tangi lake la maji pale alipopata nafasi. Hapakuwa na ubaya wa mtu hapo. Watu wote walikuwa na haja, na hapakuwa na mwenyewe.

Mwaka 1982 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi lilifanya uchunguzi wa hali ya mji, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe. Wakati huo huo Serikali ilianza kuuza baadhi ya nyumba ilizokuwa nazo. Katika hesabu ya mwaka 1992 majengo yalikuwa zaidi ya 1,700, na kiasi cha robo tatu yao hali yao ilikuwa ikiharibika. Mwaka 1994 ilipatikana sheria, na pamoja nayo mpango mkubwa uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, unaosema jengo gani liguswe vipi. Mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu hapo watalii wameongezeka na nyumba nyingi zimegeuka hoteli. Wenzetu wa Lamu, walioingia katika orodha hiyo mwaka 2001, wanaijua habari hii vizuri.

Basi mwaka 2009 nikarudi kutoka Dar es Salaam na kiinua mgongo changu mkononi, nikitafuta nyumba.

Ya kwanza nilioneshwa na dalali upande wa Mkunazini. Nyumba ndogo, madari mawili, mlango wa nakshi ungali mzima, na bei iliyonishangaza kwa uchache. Muuzaji alikuwa na haraka. Aliniambia kesho kutwa anasafiri, nimwachie chochote cha kushikia mali. Nikenda benki. Njiani kurudi nikapumzika katika baraza ya mzee mmoja muuza kahawa, na kwa kujigamba nikamwambia nanunua nyumba ile pale. Mzee hakunyanyua macho. Akauliza, "Nani kakwambia inauzwa?" Nikamtajia. Akamimina kahawa, akanipa, akasema, "Ile wakfu, baba. Babu yake yule ndiye aliyeiweka, ya msikiti."

Vijana huenda hamjui uzito wa neno hilo. Mtu akiiweka nyumba wakfu, basi nyumba ile haiuzwi, haipewi mtu zawadi, wala hairithiwi. Mapato yake huenda pale mwenye kuweka alipoagiza: msikiti, masikini, au kizazi chake mwenyewe. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa hivyo, kwa sababu wazee walitaka mali isimame isigawanywe. Nikenda Kamisheni ya Wakfu kuuliza, na mzee alikuwa na haki. Kikombe kimoja cha kahawa kiliniokolea kiinua mgongo chote. Kama kati yenu yupo anayetaka kununua Mji Mkongwe, na aanze na kahawa.

Nyumba ya pili sikuitafuta, ilinitafuta. Dalali mwingine alinipeleka Kiponda, tukakata kona mbili, nikaiona ile roshani. Ilikuwa imeinama kama mzee anayetafuta sindano chini, na mlango wa mbele wa zamani haukuwapo tena, umewekwa wa mbao tupu. Nilisimama pale muda, dalali akadhani nataka kupunguziwa bei.

Nyumba ile ilikuwa moja ya zile zilizochukuliwa mwaka 1964. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Serikali ilimuuzia mfanyabiashara mmoja, naye akafariki bila ya kuitengeneza. Sasa warithi walikuwa tisa: wanne hapa, wawili Dar es Salaam, mmoja Mombasa, wawili Uingereza. Nilichukua miezi mingi kukusanya ridhaa za wote tisa. Mmoja alikataa kutia saini kwa sababu ya ugomvi wa kaka zake juu ya mashine ya kushonea ambayo hata haikuwamo katika nyumba ile. Palihitajika hati ya mirathi, barua ya sheha, mashahidi, na kuelewa kwamba kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ardhi yetu ni ya umma, hivyo ninachopata ni jengo na haki ya kukaa juu ya ardhi ile. Nilizisoma karatasi zote usiku mmoja kwa taa. Zilieleza wenyewe wote waliotangulia, isipokuwa baina ya hati moja na nyingine palikuwa na pengo. Pengo lile nilikuwa nalijua. Lilikuwa likinipa tende.

Je, nilikuwa na haki ya kuinunua? Nimeulizwa na wanangu, na nimejiuliza mwenyewe. Sheria ilisema ndiyo. Nilijiambia kwamba nisiponunua mimi atanunua mtu wa hoteli, na hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba mtoto wa Ng'ambo kukaa katika roshani ile ni historia kugeuka, na hilo lilinifurahisha zaidi kuliko lilivyostahili.

Katika dari ya chini alikuwamo bibi mmoja mtu wa Makunduchi, aliyeingia hapo mwaka 1967. Warithi waliniambia kumtoa ni kazi yangu. Siku ya kwanza nilipokwenda kumwamkia, aliitikia, akanikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi humu nimeingia na mimba, na nimetoa maiti mbili. Sasa wewe sema unalotaka kusema." Sikusema kitu. Alibaki pale pale, nami nikachukua madari mawili ya juu, na kwa hesabu yangu yeye alikuwa mwenyewe wa nyumba ile zaidi ya watu wote waliomo katika zile karatasi.

Matengenezo sitayaeleza yote. Katika eneo la hifadhi huruhusiwi kuongeza dari, kupanua dirisha wala kubadilisha sura ya nyumba bila ya kibali, na nilipoambiwa madirisha ya alumini niliyokwisha kuyalipia hayatakubaliwa, nilihamaki. Baadaye nilimpata fundi mzee wa chokaa. Alikataa kuanza mpaka chokaa ikae ndani ya maji muda aliotaka yeye. Alibandua saruji ya kuta zote, na chini yake tukakuta jiwe limegeuka unga. Tukabadilisha boriti kumi na nane. Roshani tukaifunga upya.

Ukuta mmoja ukatushinda. Ulikuwa ukuta wa upande wa ua wa ndani, ulio karibu na jiko. Kila masika ulilowa kutoka chini mpaka dari ya kwanza, chokaa mpya ikavimba na kuanguka. Tulitengeneza paa mara mbili. Tulichimba msingi. Fundi aliuweka sikio ule ukuta kama daktari, akatikisa kichwa. Miaka minne tuliupaka na ukaanguka, na mwaka wa tano ukafanya ufa niliokuwa naweza kuingiza kidole. Nikaanza kuogopa kwa ajili ya bibi, kwa sababu kitanda chake kilikuwa nyuma yake.

Mwaka 2015, mwezi wa Februari, nilikuwa nimekaa barazani nikamwona mtu mzima, kanzu ya Kiomani na kofia, amesimama katikati ya kichochoro akitazama juu. Watalii husimama hivyo, lakini yeye alikuwa haangalii roshani yote. Alikuwa anaangalia pembe moja tu. Nilimtazama anavyosimama, mguu mmoja mbele. Nikaita, "Kidagaa!"

Miaka 51 hapakuwa na mtu aliyemwita hivyo. Alinikaribia, akanitazama uso wangu kwa muda, akalitaja langu la skuli, ambalo silitii humu. Tukashikana mikono tukashindwa kuachana.

Nilimwambia mwenyewe, kabla hajauliza. Nilimwambia nyumba nimeinunua mimi, nikapanda juu nikamletea karatasi, kwa sababu niliona ni haki yake kuziona, na pengine kwa sababu nilitaka aseme kitu. Alivaa miwani. Alizisoma zote, mstari kwa mstari, kama tulivyofundishwa kusoma hati. Alipofika penye pengo hakusimama. Alipomaliza alizipanga, akanirudishia, akasema, "Umepata rahisi."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani au deni. Sikumuuliza, na yeye hajasema tena.

Nikamkaribisha ndani. Ukumbini alitazama huku na huku, akamwamkia bibi wa chini, naye bibi akaitikia bila ya kujua anaamkiwa na nani. Kisha Kidagaa akenda moja kwa moja mpaka kwenye ule ukuta wenye ufa. Akauweka mkono. Akageuka, akaniuliza, "Mfereji mmeupeleka wapi?"

Mfereji gani? Ndipo akanieleza. Zamani paa lilikuwa la chokaa, tambarare, na maji ya mvua yalikusanywa pembeni yakashuka ndani ya ukuta wenyewe, katika mfereji uliojengwa pamoja na mawe, mpaka katika birika lililo chini ya ua. Birika likijaa, maji yalitoka nje kwa mlizamu wa upande wa kichochoro. Lilipokuja paa la bati, maji yalielekezwa pale pale. Kila mwaka kabla ya masika baba yake alikuwa akimteremsha birikani kwa kamba, kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote nyumbani, akasafishe majani na matope. Udogo ule tuliokuwa tukimcheka skuli nyumbani kwao ulikuwa na kazi.

Aliupima ua kwa hatua, akasimama mbele ya jiko. Jiko lile lilijengwa na kaya mojawapo katika miaka ya 1970, na sakafu yake ya saruji ilikuwa imelifunika birika lote. Maji ya paa yalikuwa yakishuka ndani ya ukuta kila mvua kwa miaka arubaini na yasipate pa kwenda. Siku ya pili tulivunja sakafu. Birika lilikuwapo, limejaa matope mpaka mdomoni, na ndani yake tulikuta ndoo tatu, kandambili zisizo idadi, na bakuli moja la shaba, ambalo Kidagaa alilifuta kwa kanzu yake na kuondoka nalo.

Fundi wangu alikaa chini akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa amejenga na kuzitengeneza nyumba za mawe tangu ujana wake, akaniambia kwamba ukuta ule ungeanguka mwaka ule au uliofuata. Nimefikiri mara nyingi juu ya kuta nyingine zilizoanguka Kiponda, Malindi na Sokomuhogo tangu sisi tulipokuwa watoto, na juu ya wale waliokuwa wakiyasafisha mabirika yao, wako Maskati, Dubai au London, na hakuna aliyewauliza kitu.

Bibi wa chini alifariki mwaka 2018. Yalikuwa maiti ya tatu kutolewa kwake humo, na mjukuu wake sasa ndiye anayekaa pale, anauza urojo barazani jioni. Masika ya 2015, ya kwanza baada ya kulifungua birika, mvua ilinyesha usiku kucha, na alfajiri niliposhuka kwenda msikitini nilikuta mlizamu unamwaga maji kichochoroni na majirani wamezunguka wanauliza bomba gani limepasuka. Ukuta ulikuwa mkavu.

Nimeuchora ule mfereji katika karatasi, kutoka paani hadi birikani, nikaiweka pamoja na hati za nyumba. Nilimpelekea Kidagaa nakala Maskati. Aliirudisha ikiwa na masahihisho mahali pawili.